Mwachie Mwenzako Upenyo

Siku mume wangu aliponiambia anataka kurudi Dar es Salaam peke yake, nilikuwa nimemnyang'anya mwiko na ninamfundisha kusonga ugali. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwanaume aliyekulia Morogoro, aliyeanza kujisongea ugali tangu yuko shule, mimi nilikuwa namwelekeza namna ya kushika mwiko! Akaniangalia, akazima jiko, akasema taratibu kabisa: "Mke wangu, humu ndani kila siku mshindi ni wewe. Mimi nimechoka kufungwa. Naomba tutafute tiketi nirudi nyumbani."

Ilikuwa Julai 2012, jijini Bucharest, Romania. Joto la kiangazi cha huko si la mchezo, madirisha yote yalikuwa wazi, na ule ugali wa unga wa njano, ambao Waromania wenyewe wanao wa kwao na wanauita mămăligă, ulibaki kwenye sufuria mpaka ukakauka. Usiku huo sikulala.

Mpenzi msomaji, kabla hujanihukumu, ngoja nikueleze tulifikaje pale.

BOSI MPYA MJINI

Nilikwenda Bucharest mwaka 2010. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa inahudumia wateja wa nchi mbalimbali kwa simu na barua pepe, na mimi nilikuwa na Kiingereza na Kifaransa changu safi. Mwaka mmoja baadaye mume wangu, ambaye ni mhasibu, akaacha kazi yake nzuri Dar akanifuata. Ndugu walisema, si unawajua ndugu? "Hivi mwanaume anamfuata mke Ulaya?" Yeye akacheka tu, akafunga begi.

Kazini nilikuwa moto. Mteja aliyeshindikana analetwa kwangu. Malalamiko ya wiki nzima nayamaliza siku mbili. Kwa hiyo Aprili 2012 waliponipa uongozi wa kikundi cha watu wanane, hakuna aliyeshangaa, na mimi mwenyewe sikushangaa. Tatizo ni kwamba wale wanane jana yake walikuwa wenzangu, na mimi sikujua kazi nyingine zaidi ya kuwa hodari. Basi nikaendelea kuwa hodari, safari hii juu ya vichwa vyao. Barua ya mtu naifuta naiandika upya. Mtu anaongea na mteja, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake.

Siku moja dada mmoja wa Kiromania, yule yule aliyenipokea uwanja wa ndege na kunifundisha kupanda metro, alikuwa anahangaika na mteja Mfaransa mwenye hasira. Nikamvua hedifoni kichwani, nikavaa mimi, nikamaliza ule mgogoro kwa dakika nne. Ofisi nzima inaangalia. Mteja alishukuru. Yule dada alikwenda chooni, akakaa huko muda mrefu, na wiki iliyofuata akaomba ahamishiwe kikundi kingine. Unajua nilisema nini? Nilisema ana wivu.

Na nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mume wangu alikuwa anajifunza Kiromania ili apate kazi. Tukienda dukani, kabla hajamaliza sentensi, mimi nimeshajibu. Wasifu wake wa kuombea kazi niliuandika upya usiku akiwa amelala, nikautuma mwenyewe. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi.

ALAMA ZA MKONONI

Sasa sikia. Siku chache kabla ya ule ugali nilikuwa nimeshaanza kuhisi mambo. Kila Jumanne na Alhamisi jioni mwenzangu anatoka, anarudi saa nne usiku ameloa jasho, anapitiliza bafuni. Nikimuuliza, "Nilikuwa mazoezini." Mazoezi gani hayo? Halafu nikaziona: alama nyembamba nyekundu kwenye mkono wa kulia na juu ya bega. Mwanamke mwenzangu, wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria hicho hicho.

Kwa hiyo Alhamisi baada ya ugomvi wetu nikamwambia, "Leo tunakwenda wote." Sikutarajia atakubali. Akasema, "Twende."

Kumbe kulikuwa na ukumbi mmoja wa mazoezi, mwendo wa vituo vinne vya tramu kutoka kwetu, ambapo watu wazima wanafundishwa mchezo wa vitara. Ni ule mchezo wa mapanga membamba, watu wamevaa nguo nyeupe na barakoa za wavu usoni. Hapa kwetu wengi tuliusikia mwaka 2024, Alexandra Ndolo alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Paris. Mwaka ule mimi nilikuwa sijui lolote. Nilikaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani, nikitafuta kwa macho huyo mwanamke mwingine yuko wapi.

Hakuwepo. Alikuwepo mzee mmoja wa miaka kama sabini, tumbo mbele, amevaa koti nene la ngozi na wanafunzi wake wanamwita "dom' profesor". Mume wangu akavaa barakoa, akasimama mbele yake. Mzee akasogea, akafungua mkono kidogo, na mume wangu akakata. Tap! Begani. Mzee akarudi nyuma, akafungua tena. Tap! Juu ya barakoa. Dakika ishirini nzima yule mzee alikuwa anafungwa tu, na kila akifungwa anaitikia kwa kichwa, anasogea tena. Mume wangu alikuwa anacheka. Kusema ukweli, nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu ahamie Romania.

Walipomaliza nikamfuata mzee. Kwa Kiingereza na Kiromania changu cha kuungaunga nikamuuliza, "Mwalimu, mbona unafungwa hivyo na mwanafunzi?"

Akavua barakoa, akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Ndiyo kazi yangu hiyo," akasema. "Kila upenyo aliouona, nimeuacha mimi. Nikimfunga mimi, atajifunza nini? Kwamba mimi ni hodari? Hilo nalijua tayari."

Mume wangu akadakia, "Huyu mke wangu ni bosi mpya kazini." Mzee akacheka, akanionyesha picha iliyobandikwa ukutani. "Basi akasome habari za huyo."

KIJANA WA BRAȘOV

Aliyekuwa pichani ni Mihai Covaliu. Nilirudi nyumbani nikasoma, mwanzoni kwa ubishi tu, baadaye kwa sababu nilishindwa kuacha.

Covaliu alizaliwa mwaka 1977 Brașov, mji ulio katika milima ya Carpathia, na akaja kuwa mchezaji wa Steaua, klabu ya michezo ya jeshi jijini Bucharest. Silaha yake ni kitara, ile aina inayotumia makali ya ubavuni na siyo ncha peke yake. Katika kitara unaruhusiwa kumgusa mwenzako popote kuanzia kiunoni kwenda juu, pamoja na mikono na kichwa. Ni mchezo wa kasi. Pointi moja inaweza kwisha kabla hujapepesa macho mara mbili.

Septemba 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, akiwa na miaka 22, aliingia fainali dhidi ya Mfaransa Mathieu Gourdain akashinda 15 kwa 12. Kabla yake Waromania wawili tu ndio waliokuwa wamewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja katika vitara: Ion Drîmbă huko Mexico mwaka 1968 na Laura Badea huko Atlanta mwaka 1996. Na hao wawili walitumia silaha nyingine nyepesi, siyo kitara. Kwa hiyo kijana alikuwa ameandika ukurasa wake.

Usidhani baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Athens, mwaka 2004, aliondoka bila medali. Mwaka uliofuata akaenda Leipzig, Ujerumani, akawa bingwa wa dunia. Beijing, mwaka 2008, akiwa na miaka 30, akapata shaba ya Olimpiki. Hebu fikiria mtu wa namna hiyo. Miaka minane imepita tangu dhahabu, na bado yuko katika watatu bora wa Olimpiki. Mkono bado unacheza.

Baada ya Beijing aliacha kushindana, akaingia upande wa makocha. Na aliowakuta pale si watoto wa kuanza nao moja. Baadhi yao walikuwa wamechezea timu ya taifa pamoja naye. Jana mnagawana chumba kambini, leo wewe ndiye unayesema nani anacheza na nani anakaa benchi. Nilipofika hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Hayo si ndiyo yangu kabisa?

Mwaka 2009, huko Antalya, Uturuki, timu ya kitara ya Romania ikawa bingwa wa dunia. Vijana walikuwa wanne: Rareș Dumitrescu, Cosmin Hănceanu, Tiberiu Dolniceanu na Florin Zalomir. Ukitafuta majina ya waliovaa dhahabu hiyo, utayakuta hayo manne. La Covaliu halimo. Mwenye dhahabu ya Sydney alikuwa pembeni.

45 KWA 26

Ijumaa ya tarehe 3 Agosti 2012, timu ya kitara ya Romania ilikuwa London, fainali ya Olimpiki dhidi ya Korea Kusini, na Covaliu akiwa kocha. Mimi na mume wangu tulikwenda kuangalia kwenye baa moja ya nje karibu na kwetu. Suala la tiketi lilikuwa bado liko katikati yetu kama mgeni ambaye hajakaribishwa wala hajafukuzwa.

Yeye ndiye aliyenieleza sheria. Timu inapanga watu watatu, mmoja wa akiba. Kila mmoja anakutana na kila mmoja wa upande wa pili, kwa hiyo mapambano tisa, na wa kwanza kufika pointi 45 ndiye mshindi. Nilitaka kumkatiza mara mbili. Nikajiuma mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi yeye anafundisha na mimi nasikiliza, na nikagundua kitu kidogo cha aibu: nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu anajua kueleza vizuri.

Wakorea walikuwa wakali siku ile. Pengo likawa linapanuka tu. Watu kwenye meza za jirani wakawa wanashika vichwa. Nikasema, "Si wamwingize huyo kocha? Ana miaka 34 tu, bingwa wa Olimpiki!"

Mume wangu akajibu bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Haruhusiwi kupanda. Hata angeruhusiwa, hawa ndio waliofika fainali. Ni yao."

Ikaisha 45 kwa 26. Romania ikachukua fedha. Mimi nilikuwa nawaza hedifoni. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti cha kocha, pointi ya kumi tu ningekuwa nimeshamvua mtu barakoa kichwani nikavaa mwenyewe. Na labda ningepunguza lile pengo. Lakini kesho yake ningebaki na nani wa kucheza naye?

Baa nzima ikapiga makofi wale vijana walipopanda jukwaani kuvaa medali. Mume wangu alipiga makofi. Mimi nilikuwa nalia, akadhani nalilia Romania.

HAKI YA KUSHAMBULIA

Septemba nikajiandikisha na mimi kwa yule mzee. Nilifungwa na kila mtu, pamoja na binti wa miaka kumi na miwili aliyekuwa anamsubiri mama yake. Lakini kuna kanuni moja ya kitara iliyonifaa kuliko mazoezi yote, nami naomba nikupe na wewe bure.

Katika kitara, mkigusana wote wawili kwa pamoja, taa zote mbili zinawaka. Sasa pointi ni ya nani? Mwamuzi anaangalia nani alikuwa na haki ya kushambulia. Kwa kawaida ni yule aliyeanza shambulio. Wewe mwingine huruhusiwi kumkatia katikati na kudai pointi, hata kama umemgusa vizuri namna gani. Inabidi kwanza ulipokee shambulio lake, ulizuie, ndipo haki inahamia kwako, ujibu.

Nikapima ugomvi wetu wote wa nyumbani kwa kanuni hiyo. Mume wangu akianza kusema jambo, mimi nakata katikati. Nilikuwa nagusa kweli, maneno yangu yalikuwa na hoja. Ila zamu haikuwa yangu. Kwa hiyo taa yangu inawaka, nasherehekea, na mwenzangu anaondoka na jeraha la mtu ambaye hakusikilizwa.

Na kabla ya pambano na baada yake, wachezaji wanasalimiana kwa kuinua vitara. Umefunga, umefungwa, unasalimia. Sisi tulikuwa tumeacha hata hilo.

YALIYOFUATA

Ningependa kukuambia kwamba kila kitu kilinyooka. Hapana.

Yule dada wa kazini nilimwomba radhi. Nilimkaribisha kahawa nikamwambia wazi: siku ile nilikunyang'anya kazi yako mbele ya watu, na nilikosea. Alinyamaza kidogo, akaniambia ameshasamehe, ila hatarudi kwenye kikundi changu. Na hakurudi. Tulibaki marafiki wa kusalimiana. Kuna pointi ukishaipoteza, hairudi.

Kwa wale saba waliobaki nikabadilika polepole. Mteja mgumu akija, nampa mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza, na mimi nakaa karibu, kimya, mikono mapajani. Wa kwanza alikosea, tukapoteza yule mteja. Nikaitwa na wakubwa kujieleza. Nikajieleza. Mwezi wa tatu, kijana yule yule akamaliza kesi ambayo mimi mwenyewe nisingeimaliza.

Mume wangu je? Alikwenda Dar. Ndiyo, Oktoba nilimsindikiza uwanja wa ndege, na sikujua kama atarudi, kwa sababu hakuahidi na mimi sikumlazimisha aahidi. Wiki sita. Nilikula mămăligă peke yangu nikijifariji kwamba ni ugali. Tulipokuwa tunaongea kwa simu nilijifunza kuhesabu mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kujibu. Mara nyingi nikifika tano, nakuta sina cha kurekebisha.

Alirudi mwishoni mwa Novemba. Akaniambia amerudi kwa sababu ameitwa kwenye usaili wa kazi aliyoiomba mwenyewe, na kwa sababu amenikumbuka, kwa mpangilio huo. Akanionyesha wasifu aliotuma. Mstari wa pili kulikuwa na kosa la herufi. Nililiona kabla hata sijashika karatasi. Msomaji wangu, nilikaa kimya. Nilihesabu tano, nikahesabu kumi, nikasema, "Nakutakia kila la heri." Kazi aliipata, na kosa lake humo humo.

Tuliishi Bucharest mpaka 2017. Mwaka mmoja kabla hatujaondoka, wanawake wa Romania walishinda dhahabu ya timu ya vitara Rio de Janeiro, dhahabu pekee ya nchi hiyo kwenye Olimpiki ile, na mwisho wa mwaka huo huo Covaliu akachaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Romania. Mpiganaji, kocha, kiongozi. Mzee wetu wa ukumbini alituambia hakushangaa. Alisema mtu akishakubali kukaa pembeni na kutazama wengine wakivaa medali, unaweza kumkabidhi chochote.

Mimi siyo bingwa wa kitu chochote, na huenda na wewe siyo. Lakini kama umepandishwa cheo juzi, au mshahara wako umepita wa mwenzako, au wewe ndiye mjuaji zaidi wa mambo ya hapo nyumbani, jiulize swali hili leo jioni: mara ya mwisho lini ulimwachia mwenzako upenyo, na akaupita mwenyewe?

Sasa tuko Dar, tuna watoto wawili. Barakoa zetu zimetundikwa sebuleni, na wageni hudhani ni za kufugia nyuki. Jumapili baba ndiye anayesonga ugali. Mimi nakaa mezani na watoto, nasubiri kuitwa. Wiki iliyopita ulikuwa na madonge. Tulikula wote, tukamaliza.